Mwongozo kamili: kuchagua kitako kipya cha bunduki ya zamani ya jeshi

Watu wengi wakipata Mauser au Mosin au Lee-Enfield ya zamani kitu cha kwanza wanachokitazama ni mbao, imepasuka, imechakaa, au kuna mtu huko nyuma aliikata akijifanya fundi, basi wanakimbilia kununua kitako kipya kilichoandikwa "kinaingia moja kwa moja" halafu kikifika hakiingii, au kinaingia lakini bunduki inatawanya risasi kama imelewa. Shida ni kwamba mbao ya bunduki ya jeshi sio nguo ya kuivalisha chuma, ni sehemu ya mashine, inapokea teke (ule msukumo wa nyuma bunduki inapopigwa), inashikilia mtutu, na kwenye baadhi ya modeli hata triga inategemea mbao imekaaje. Kwa hiyo tunaenda kwa mpangilio. Na nikisema kitako humu ndani namaanisha mbao yote kuanzia begani mpaka karibu na mdomo wa mtutu, sio kile kipande cha nyuma peke yake.

Kabla ya yote, sheria. Sehemu nyingi duniani kubadilisha mbao kwa mbao ya aina ileile hakuna tatizo, ila kitako cha kukunja, cha kuvuta na kurefusha, au chenye kishikio cha bastola kinaweza kuhamisha bunduki yako kutoka kundi moja la kisheria kwenda lingine. Mfano Marekani, bunduki ya kujipakia yenyewe iliyoagizwa kutoka nje kama SKS inabanwa na kanuni ya 922(r), ambayo inahesabu vipande vya kigeni vilivyomo kwenye bunduki, na kitako ni kimojawapo. Ukifunga cha plastiki bila kuhesabu unaweza kuvunja sheria huku unadhani umepamba tu. Za bolti, zile unazopakia kwa kuvuta mkono wa bolti kila risasi, haziguswi na hiyo. Soma sheria ya ulipo kwanza, hela baadaye. Na bunduki iwe tupu, chemba umeikagua kwa macho na kwa kidole, kabla hujashika bisibisi.

Hatua ya 1: Jua una nini mkononi, kwa uhakika

Hapa ndo watu wengi wanapotelea. "Nina Mauser" haitoshi kabisa. Mauser 98 ziko za kila namna. Kuna Gewehr 98 ndefu yenye mkono wa bolti ulionyooka, kuna K98k yenye mkono uliokunjwa chini na mbao imechongwa kibonde upande ili vidole viushike, halafu kuna M48 ya Yugoslavia ambayo kwa macho inafanana na K98k mpaka unaapa ni pacha. Sio pacha. Risiva ya M48, yaani kile chuma cha katikati kinachobeba bolti na kushika mtutu, ni fupi kwa karibu robo inchi, yaani kama milimita 6, na kwa sababu hiyo tundu za skrubu hazikutani. Mtu akikuambia kitako cha K98k kinaingia kwenye M48 mwambie akuonyeshe.

Mosin nazo hivyohivyo. M91/30 ni ndefu, M38 na M44 ni fupi, na tofauti ya hizi mbili fupi ni kwamba M44 ina singe ya kukunja ambayo ikilala inakaa upande wa kulia, kwa hiyo mbao yake imechongwa mfereji upande huo. M38 haina singe, lakini utakutana nazo kibao zimevaa mbao ya M44, na hiyo haimaanishi ni feki, jeshini walikuwa wanafunga kilichopo. M39 ya Finland ni habari nyingine, mtutu wake ni mnene kuliko wa 91/30 na ukilazimisha kwenye mbao ya 91/30 utaishia kuchonga mpaka ukome.

Lee-Enfield No.4 ina mtego wake. Kwenye Mk I (toleo la kwanza) triga imening'inia kwenye gadi ya triga, ile gadi nayo inashikiliwa na mbao, kwa hiyo mbao ikisinyaa au ikivimba uzito wa triga unabadilika. Waingereza walilichoka hilo, kwenye Mk 2 wakahamisha triga ikashikwa na mwili wa risiva wenyewe. Matokeo yake mbao ya mbele (mbao ya Lee-Enfield ni vipande viwili, cha mbele na cha nyuma) ya Mk 2 imechongwa tofauti kwa nyuma, na ya Mk I haiingii kwenye Mk 2 mpaka uikate. Angalia maandishi kwenye chuma cha upande wa kushoto kabla hujaagiza chochote.

Springfield M1903 na M1903A3 za Marekani nazo usizichanganye, kwenye A3 saiti (kilengeo) ya nyuma ilihamia juu ya risiva, hivyo kifuniko cha juu ya mtutu ni kirefu na hakibadilishani na cha 1903. Mbao zenyewe pia ziko za kishikio kilichonyooka, za kishikio kilichopinda, na zile za katikati zinazoonekana kama mtu alianza kuchonga kishikio akaishiwa mbao.

Andika pembeni: modeli kamili, kiwanda, mwaka, urefu wa mtutu, umbali kati ya skrubu mbili za risiva (pima katikati kwa katikati), mtutu una ngazi (unapungua unene kwa hatua) au ni laini, na vyuma ulivyonavyo. Hilo la mwisho linawagharimu wengi.

Hatua ya 2: Hivi kweli unahitaji kitako kipya?

Swali linaudhi ila jiulize. Kuna nyufa ambazo sio nyufa. Arisaka Type 99 ya Japani kitako chake cha nyuma kimetengenezwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa, ule mstari mrefu chini yake ni wa kiwandani, sio kupasuka. M39 ya Finland nayo mbao ya mbele imeungwa kama vidole vinavyoingiliana, ndivyo walivyotaka ili isipinde kwenye baridi na unyevu. Viraka vya mbao vilivyochongwa vizuri na kugundishwa vilifanywa na karakana za jeshi, na wakusanyaji wengine wanavipenda hivyo kuliko mbao safi.

Halafu kuna ule mkato wa begi. Wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vita vya Pili walikuwa na bunduki ndefu na begi fupi, basi wakakata mbao chini ya pete ya mtutu (ule mkanda wa chuma unaofunga mtutu na mbao) ili kila kitu kiingie. Ukifungua pete ukakuta mbao imekatwa nadhifu pale chini, usitupe. Hiyo inaunganishwa kwa epoksi na pini, pete inarudi juu, na kwa nje hakuna anayeona.

Nyufa za kuogopa ni nyuma kabisa ya mkia wa risiva (ule ulimi wake wa nyuma), kwenye shingo ya kitako (pale mkono unaposhika), na nyuma ya lagi, yaani kile kipande cha chuma chini ya risiva kinachosukuma mbao bunduki inapopiga teke. Kwa Lee-Enfield angalia zile pembe mbili za nyuma za mbao ya mbele zinazoegemea risiva. Kama mbao ya hapo imelainika kwa mafuta na kuoza, ukibonyeza kwa kucha inaacha alama, hiyo imeshamaliza kazi. Ufa mdogo nyuma ya mkia unaweza kugundishwa. Shingo iliyopasuka kukatiza mimi sifungi tena, inakaa karibu mno na uso.

Hatua ya 3: Amua unataka bunduki ya nini

Ukitaka kuirudisha ilivyokuwa, njia ni moja, mbao halisi ya zamani ya modeli hiyo au nakala mpya iliyochongwa kwa vipimo vile. Kabla ya kutoa hela hapo hakikisha kitu kimoja, kwamba aliyekata mbao zamani hakukata na mtutu. Baada ya vita bunduki hizi ziliuzwa rahisi sana na watu wakazigeuza za kuwindia, walifupisha mbao, wengine wakafupisha mtutu, wakatoboa risiva kufunga darubini, wakakunja mkono wa bolti. Kama mtutu umefupishwa, kitako kamili cha kijeshi kitabaki kimening'inia mbele bila kitu cha kushika, pete ya mbele haina pa kukaa, singe ndo usiseme. Na kama risiva imetobolewa thamani ya mkusanyaji imeshaondoka, hapo fanya unachopenda bila kujihukumu.

Kinyume chake, kama bunduki yako bado nzima na namba za chuma na mbao zinalingana (K98k nyingi zina namba ndani ya mfereji wa mtutu na kwenye bamba la kitako), usichonge hata kidogo ile mbao ya asili. Nunua ya pili ya kupigia, ile ya asili ifungie ndani na karatasi yenye namba ya bunduki. K31 ya Uswisi nyingi zina kikaratasi chenye jina la mwanajeshi chini ya bamba la kitako, watu wamezitupa mbao hizo bila kufungua skrubu mbili, inauma.

Ukitaka ya kupigia shabaha na darubini, kitu cha maana ni urefu wa paji la kitako, yaani pale shavu linapolala. Mbao za jeshi zilichongwa kwa saiti za chuma zilizo chini, ukiweka darubini juu inabidi uinue kichwa na kidevu ndo kinagusa mbao, hapo huwezi kulenga sawasawa mara mbili mfululizo. Chagua kitako chenye paji la juu au la kurekebisha.

Urefu kutoka triga mpaka bamba la kitako nao pima. Mosin na Mauser zina kama inchi 13, fupi kwa mtu mrefu aliyevaa fulana, ila zilitengenezwa kwa mtu aliyevaa koti zito la baridi. Lee-Enfield ndo raha yake, kipande cha nyuma kilitoka kwa saizi nne: ya kawaida, L ambayo ni ndefu kwa nusu inchi, S ambayo ni fupi kwa nusu inchi, na B ambayo ni fupi kwa inchi nzima. Herufi imegongwa juu ya mbao karibu na bamba. Mtu akikuuzia muulize herufi gani, asipoijua mwambie apime.

Hatua ya 4: Mbao gani, au plastiki?

Walnati ndo mbao ya heshima, ngumu kiasi, nyepesi kiasi, haisumbui sana. Bichi ni ngumu na ya bei nafuu ila inanywa unyevu zaidi, Wajerumani na Waswisi waliitumia sana walnati ilipoadimika. Birichi utaikuta kwa Warusi na Wafini, na kwenye No.4 za Amerika Kaskazini. Waaustralia walitumia kochiwudi kwenye Lee-Enfield zao, nyepesi lakini laini, ndo maana wakaweka vibamba vya shaba pale mbao inapopokea teke. Ukinunua mbao ya mbele ya Australia angalia vibamba hivyo vipo, visipokuwepo mbao itapondeka.

Mbao ya tabaka, ile ya vipande vyembamba vilivyogundishwa, Wajerumani walianza kuitumia kwenye K98k miaka ya mwisho ya 1930 na kusema kweli kwa kupigia ndo ninayoipenda kuliko zote. Haipindi ovyo, ina nguvu shingoni, kasoro yake ni uzito. Makampuni kama Boyds yanatengeneza mpya za rangi za kila aina, zingine zinachekesha, ila zinafanya kazi.

Plastiki haiogopi mvua na ni nyepesi, lakini za bei ya chini zinapinda ukizibana mbele kwa vidole viwili, na kama inapinda kwa vidole itagusa mtutu ukiilaza kwenye begi la mchanga. Jaribu hivyo kabla ya kununua kama unaweza. Halafu bunduki nyepesi inapiga teke zaidi, Mosin fupi kwenye plastiki nyepesi ni adhabu.

Kununua mbao iliyotumika, omba picha za ndani, sio za nje. Nje kila mtu anapaka mafuta inang'aa. Unataka kuona makazi ya risiva, nyuma ya lagi, tundu za skrubu, mfereji wa mtutu. Muuzaji akituma picha tano zote za nje mimi naondoka. Na uliza vyuma: bamba la kitako, pete, springi za pete, boshi (kamrija) ya skrubu ya nyuma, bolti ya kukatiza mbao (skrubu nene inayopita mbao kutoka upande hadi upande). Mbao tupu ya bei poa ukianza kutafuta vyuma kimoja kimoja inakuwa ghali kuliko ile iliyokamilika.

Mpya ziko za daraja mbili. Kuna zinazodai kuingia moja kwa moja na kuna zilizochongwa karibu tu, unamalizia mwenyewe. Za kwanza nazo karibu zote zinahitaji kukwanguliwa kidogo, bunduki za jeshi zilitoka viwanda vingi na hakuna mbili zinazolingana kabisa. Ukiona imeingia na kulegea bila kuguswa mahali popote hiyo ndo mbaya zaidi, maana mbao unaweza kuipunguza, kuiongeza ni kazi ya epoksi.

Hatua ya 5: Kuvua ya zamani

Hatua hii ni fupi tu, isipokuwa kwa Lee-Enfield No.1 Mk III. Ile skrubu ndefu iliyopita ndani ya kitako cha nyuma ncha yake ni ya mraba, na imekaa ndani ya kibamba kilichopo kwenye mbao ya mbele. Ukiizungusha kabla hujatoa mbao ya mbele, ule mraba unageuka kama kabari na kupasua mbao. TOA MBAO YA MBELE KWANZA, kila wakati. Fanya hivyo hata kwenye No.4, hupotezi kitu. Bisibisi iwe inajaza mfereji wa skrubu, usitumie ya jikoni.

Hatua ya 6: Kukalisha chuma kwenye mbao

Hapa ndo penye kazi, usikimbie. Paka chini ya risiva kitu cha kuacha alama, masizi yaliyochanganywa na mafuta kidogo au hata lipstiki, ikalishe kwenye mbao, bonyeza, inyanyue wima. Palipogusa patakuwa na rangi. Kwangua hapo tu, kwa kikwangulio au patasi kali, kidogo kama unamenya ganda la karanga, rudia. Unachotaka ni rangi itokee sehemu kubwa ya makazi ya risiva, na nyuma ya lagi itokee uso mzima, sio kona moja. Kona moja ikipokea teke peke yake mbao itapasuka, na itapasuka kuelekea shingoni.

Kwa Mauser, angalia boksi la magazini. Ukikaza skrubu zote mbili boksi libaki na mchezo mdogo sana, likibanwa chuma kwa chuma ina maana mbao haijabanwa chochote, risiva inacheza na risasi zitatawanyika hata ukaze mpaka uchoke. Upande mwingine mbao ikiwa imepondeka, vyuma vinasogeleana, skrubu ya nyuma inaweza kuchomoza na kugusa bolti. Mosin ikipondeka magazini inapanda juu na bolti inaanza kukwaruza.

Kwa Lee-Enfield, zile pembe mbili za nyuma zipokee teke kwa pamoja, na kati ya mwisho wa mbao ya mbele na soketi ya kitako kuwe na upenyo mdogo. Mbele kabisa kwenye No.4 mbao inatakiwa iusukume mtutu juu kwa nguvu ya ratili chache, ndivyo ilivyobuniwa, kwa hiyo yule anayekwambia achia mtutu uelee (usiguswe na mbao) ndo bunduki ipige vizuri, huenda anaongelea bunduki za kisasa. Kwa K98k mtutu wa ngazi usiguswe na mbao mbele ya zile ngazi, ukipata joto unarefuka kidogo na kusukuma.

M1 Garand ya Marekani haina skrubu za kubana, ile gadi ya triga ndo inabana kila kitu. Kwenye mbao nzuri gadi inaanza kukataa ikibaki kama sentimita moja kufunga, unamalizia kwa kusukuma. Ikifunga kirahisi kama mlango wa kabati, mbao imechoka au imechongwa kupita kiasi.

Kumwagia epoksi kwenye makazi ya risiva ni dawa nzuri kwa mbao ya kupigia, lakini chuma chote kipakwe nta au dawa ya kuzuia kushika, tundu zote zizibwe kwa udongo laini, vinginevyo utakuwa na bunduki ya kipande kimoja milele. Kwenye mbao ya asili yenye mihuri usifanye. Kama hujawahi mpe fundi bunduki.

Hatua ya 7: Kumalizia mbao

Mbao ya zamani usiikimbilie na msasa. Msasa unafuta mihuri na kushusha mbao chini ya usawa wa chuma, na hiyo hairudi. Grisi ya ghalani (ile nzito ya kuzuia kutu) itoe kwa joto la jua na vitambaa vinavyonyonya, tena na tena. Michubuko iliyobonyea inuliwe kwa kitambaa chenye maji na pasi ya moto, mvuke unavimbisha nyuzi, inashangaza inavyorudi.

Mafuta: ya kitani kwa nyingi za Uingereza na Ujerumani, ya mbegu za tungu kwa Garand nyingi, sheliaki (vanishi ya asili) kwa Mosin za Kirusi, ndo ule wekundu unaong'aa. Paka nyembamba, subiri ikauke, rudia. Ndani pia paka, watu wanasahau kisha wanalalamika mbao imepinda. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye ndoo, vinajiwasha vyenyewe kweli kabisa, vitandaze nje vikauke au vitie kwenye maji.

Hatua ya 8: Majaribio

Bado bila risasi. Kaza skrubu, weka kidole pale mbao ya mbele inapokutana na mtutu, legeza skrubu ya mbele taratibu. Ukisikia mtutu unainuka au kuruka, risiva ilikuwa imepindishwa na mbao, rudi hatua ya 6. Funga na kufungua bolti, mkono wake usiguse mbao unapokuwa chini. Weka sefti, vuta triga, isifyatuke. Toa sefti bila kugusa triga, isifyatuke. Gonga kitako chini kwenye mkeka mzito bolti ikiwa imefungwa, isifyatuke. Kwa Lee-Enfield Mk I rudia hili hasa, kwa sababu ya ile triga inayotegemea mbao.

Uwanjani anza na risasi chache, kagua nyuma ya lagi na nyuma ya mkia kwa tochi, kaza skrubu tena maana mbao mpya inajikalisha. Kundi la risasi likipanda juu kadri mtutu unavyopata moto, mbao inagusa mahali, kipande cha karatasi kikipitishwa kati ya mtutu na mbao kitakuonyesha ni wapi. Kwenye No.4 hapo mbele karatasi inatakiwa ikwame, kwa hiyo usikwangue.